Herufi za Akala

Fundi Mbwarali alinifunza kwanza kutazama miguu.
"Herufi usiisome," akasema, "itazame inavyosimama."
Ziko zinazokwenda pekupeku,
nyepesi, za mabango ya benki.
Ziko za visigino vyembamba kama sindano;
hizo mpe bibi harusi, kadi yake ina dhahabu.
Na ziko hizi zetu:
soli imekatwa mraba, unene wake sawa na wa mguu wenyewe,
kana kwamba kila moja ilipita kwa mkata matairi pale sokoni Malindi
ikavishwa akala.

Hazifai barua ya mapenzi.
Niliwahi kujaribu, kwa Nyevu, siku zangu za ujinga.
Akajibu: mbona wanipigia kelele?
Lakini gunia la simiti, kreti la soda,
HATARI UMEME, MAJI SI YA KUNYWA,
bei ya mafuta ya taa inayosomwa na mtu aliye juu ya baiskeli,
hapo zinakaa kama zimezaliwa hapo.

Ndipo Mbeyu Tsofa akaja kutoka njia ya Ganda
na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya leso.
Barua ya ofisini, mwaka wa sabini na mbili,
imepigwa taipu.
Inamwita babake mkaaji bila idhini.
"Mimi sikusoma," akasema. "Nilisomewa.
Lakini nimeitazama miaka yote hii, nimeijua miguu yake.
Nataka hizi hizi. Ukutani. Kubwa."

Fundi akavaa miwani,
akanionyesha kwa ncha ya brashi:
tazama i ya taipu, kitu chembamba kama njiti,
imepewa chumba sawa na cha m,
basi ikavishwa viatu vipana isipotee ndani.
Mashine haikujua mkubwa wala mdogo.
"Aliyeipiga ndiye aliyejua," akasema Mbeyu,
na hakucheka.

Tukaenda na kamba ya chaki, rula ya mvule,
rangi nyeusi debe moja.
Ukuta ulikuwa wa mawe, umepakwa chokaa juzi,
ukainywa rangi ya kwanza yote.
SHAMBA HILI HALIUZWI.
H ikashuka kwa soli mbili, ikavaa kofia mbili.
A ikatanua miguu kama hamali anayepokea gunia.
L, I, hizo ni nguzo, hazina maneno.
Kisha nikafika kwenye U.

U haina mguu. Chini ni mviringo, kama chungu;
ukiiacha peke yake itabingirika hadi barabarani.
Na W, mlango wa pili kutoka kwake,
imesimama kwa ncha za vidole.
Nikashuka ngazi kumuuliza fundi.
"Hizo zinaning'inia kwa mabega," akasema.
"Zipe mabega mapana, kisha uzibane.
Asiye na mguu hushikwa na jirani.
Acha nafasi ndogo, ndogo kuliko unavyodhani."
Nikazibana mpaka Z ikagusa bega la W.

Mbeyu alikaa nyuma yetu mchana kutwa akibangua korosho,
nusu ya malipo yetu.
Aliuliza jambo moja tu, kama masika yataziondoa.
"Yataondoa rangi," fundi akasema,
na mimi hadi leo sijui kama hilo lilikuwa jibu.

Mwishoni ukuta ukaisha.
Hesabu yangu ilikuwa ya mtu mwenye njaa:
ile I ya mwisho ikafika pembeni kabisa
na soli yake ya kulia haikuwa na mahali.
Nikataka kuikata. Fundi akanishika mkono,
akachukua brashi, akazunguka kona nayo.
Nusu ya mguu iko barabarani.
Nusu iko ndani, upande wa mihogo.